Kitabu changu cha kupima woga kimeshindwa

Kanyinda, soma hii peke yako. Usimwonyeshe mtu.

Leo tulikuwa tunachagua sheria za ule mchezo wetu wa kuigiza mezani, wa hadithi za mazimwi. Mwenye kitabu kitakachoshinda ndiye atakayeongoza mchezo. Changu kinapima woga kwa kete na majedwali. Cha Mujinga ni chembamba: unasimulia tu, basi.

Nikasema kipimo kinashinda hisia. Nilisema kweli hivyo, kwa sauti ya profesa.

Nikaanza kusimulia zimwi langu, mchana, jua kali. Mujinga akaruka: "Stany, hadisi haisimuliwe muchana! Mama yako atakuwa kipofu!"

Nikamwomba takwimu. Takwimu, Kanyinda!

Halafu nikampigia Mama, kule Sandoa. Niliwaambia ni kwa jambo lingine. Hakushika. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Gracien, mchezaji mwenzetu, akauliza: "Professeur, ile jambo lingine iko na haraka sana?"

Mama akashika, na simu yangu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Mimi, mwenye majedwali, nikauliza: "Mama, uko naona muzuri?"

"Niko naona muzuri, mutoto yangu. Niko mu misa ya ndoa, niko naona mon père ku altare ananiangalia. Kata simu!"

Gracien alicheka mpaka akalala chini.

"Mama, uko naona muzuri?" Nilisema vile, mbele yao wote!

Basi, Mujinga ndiye anaongoza. Tunaanza jua likishazama, na aliyeomba hivyo ni mimi.