Pweza wa Bwana Mhandisi

Geita, Jumapili, mwezi wa saba, 1953

Asubuhi baridi, mchana vumbi tupu. Midomo imenipasuka, na moyo wangu hauko hapa.

Leo nimempa Bwana jibu lake.

Bwana ni mhandisi wa mgodi wa dhahabu, nami ni mpishi wake mwaka wa nane huu. Amejengesha tangi la kioo sebuleni, refu kuliko kitanda changu, na maji ya bahari yameshafika kwa mapipa, kwa treni kisha kwa lori. Anataka kufuga pweza. Jumapili iliyopita alinifungulia kitabu chenye picha za pweza wa namna mbili.

"Selemani, wewe mtu wa Kilwa. Nichagulie. Utakayemchagua, utakwenda kumleta mwenyewe."

Kwenda Kilwa! Wiki nzima nimeunguza mikate.

Mama alinilea kwa pweza. Maji yakipwa tulishuka mwambani, yeye mbele na fimbo yake, akinionyesha maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni pa tundu. "Hapa mwenyewe yumo," alikuwa akininong'oneza. Barua yake ya mwisho iliandikwa na jirani: macho yameingia ukungu, mwambani haendi tena. Sijamwona tangu nije huku.

Bwana alimpenda yule mkubwa wa mwambani, anayewinda mchana na kubadili rangi mbele ya macho yako. Ningesema tu, "Huyo huyo, Bwana," leo ningekuwa nafunga mzigo.

Nilitaka kusema hivyo. Nakiri.

Lakini namjua pweza yule. Hula kaa wabichi kila siku, na maji yakichafuka kidogo tu, amekwisha. Angekufa ndani ya pipa kabla ya Tabora. Yule mdogo wa mchangani pengine angefika, ila mchana kutwa hujificha, na Bwana anataka wageni wake wamwone wakinywa chai.

Asubuhi nilimweleza yote. Alinisikiliza, akafunga kitabu taratibu.

"Basi tutatia samaki wa ziwani."

Safari ikaishia hapo.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, Mama Zuhura. Yeye ni Msukuma wa hapa hapa, bahari hajaiona. Aliacha kupepeta mtama.

"Yaani umemwonea huruma pweza, mama yako hukumwonea?"

Nilirudi kazini nikiwa na hasira, na sijui hasira hiyo ilikuwa ya nani.

Nilipopeleka chai ya saa kumi, nilitua sinia kwa kishindo hata sahani zikagongana. Nikasema kabla sijajirudi: "Bwana, naomba ruhusa ya mwezi mmoja. Mama yangu anapofuka."

Aliniangalia kama mtu aliyeona sura mpya.

"Nenda. Ondoka Alhamisi. Lakini miaka yote hii, mbona hukuniomba?"

Nikasema ahsante, nikatoka na birika likiwa bado limejaa.

Alhamisi! Binti yetu Zuhura ameshauliza kama bibi yake anajua Kisukuma.

Nilidhani ningefurahi zaidi. Swali la Bwana limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu Mama naye ataliuliza, huku akinipapasa uso kwa vidole ili anijue. Yeye nitamjibu nini?