Siku Skana Ilipokubali Kusoma Mwandiko wa Anastela

Ndama, Karagwe. Jumatano, saa kumi alasiri.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekatika. Bati limenyamaza. Kibanja chote kinadondosha maji, na hakuna mtu aliyepita njiani tangu mchana.

Kazi iliyonishughulisha kwa siku kumi na moja imefanikiwa leo. Moyo wangu, hata hivyo, haujatulia. Nayaandika haya hapa kwa sababu ndani ya nyumba hii sina wa kumsimulia.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni mwandishi wa barua za maombi na malalamiko. Sikuisomea kazi hii darasani. Nilijifunza kwa kuzisoma barua za ofisi zilizotupwa, nikisaidiwa na kamusi moja iliyokosa kurasa za mwisho. Watu wa Ndama, Nyakakika na hata Isingiro huniletea shida zao, nami huzipa sura inayoweza kupokelewa mezani. Nisipokuwepo huniita Mzee Yah. Jina hilo nalijua, na sijapata kulilalamikia kwa maandishi.

Mimi nilitunga; marehemu mke wangu, Anastela, alinakili. Utaratibu wetu haukubadilika. Rasimu yangu ilikwenda kwake, naye akatoa nakala safi mbili kwa mwandiko wake uliosimama wima kama migomba michanga. Nilisaini zote mbili. Moja ilikwenda kwa mlengwa na ya pili ilibaki kwenye faili. Kupeleka posta ilikuwa kazi yake pia, kwa kuwa ndiye aliyekwenda Kayanga kuuza ndizi.

Alifariki mwaka jana, majira ya senene.

Masika haya unyevu uliingia kwenye sanduku la mafaili. Nilipolifungua nilikuta wino umeanza kutawanyika, na baadhi ya karatasi zimegandana. Nilijaribu kuzipiga picha kwa simu, lakini kivuli cha kichwa changu kiliangukia maandishi kila mara. Ndipo nilipoikumbuka skana niliyoinunua kwenye shule moja ilipokuwa ikiuza vifaa vyake vya zamani: ile bapa yenye kioo, ambayo karatasi hulazwa juu yake na kufunikwa. Kompyuta ninayo, ndogo kama kipande cha sabuni, bodi moja tupu isiyo na kasha, ambayo nimeiunganisha na televisheni.

Kompyuta hiyo niliachiwa na binti yangu, Kokugonza, baada ya mazishi. Aliiweka mezani na kusema, "Taata, hii itakusaidia kutunza nakala." Nilimjibu kwamba nimeipokea. Hatukusema zaidi.

Hapa inanipasa kukiri jambo.

Miaka mitatu iliyopita Kokugonza aliacha kazi ya ualimu, kazi ambayo nilimwombea kwa barua sita, akaenda Mwanza kutengeneza kompyuta dukani. Nilimwandikia. Kichwa cha barua kilikuwa: *Yah: Kutoridhishwa na uamuzi wako wa kuacha ajira.* Ilikuwa na aya tano zenye namba. Katika aya ya tano nilimtaka atoe maelezo, na nikaeleza kwamba hadi nitakapoyapokea sitakuwa na la kuzungumza naye.

Maelezo hayakuja. Nilimuuliza Anastela kama barua ilikwenda, akajibu, "Nimeishughulikia, Baba Koku." Nikasubiri. Mtoto alipopiga simu nilimpa mama yake. Alipokuja msibani nilitarajia kwamba angalau pale, mbele ya kaburi, angegusia barua yangu. Hakuigusia hata kwa neno moja. Niliuhesabu ukimya wake kuwa dharau.

Kwa hiyo skana ilipogoma, mtu pekee ninayemfahamu ambaye angeweza kunielekeza alikuwa yeye, na sikumpigia. Nilishikilia kwamba yeye ndiye anayepaswa kuanza.

Nilihangaika peke yangu. Siku ya kwanza kompyuta iliitambua skana kwa jina lake kamili, kisha ikanijulisha kwamba sina ruhusa ya kuitumia. Nilikaa mbele ya sentensi hiyo kwa muda mrefu. Nimewaombea ruhusa watu wengi, lakini sikuwahi kunyimwa na kitu kilichopo juu ya meza yangu mwenyewe. Nilisoma maelezo mtandaoni kwa siku tatu kabla ya kuelewa kwamba kompyuta ina orodha ya wanaoruhusiwa kugusa skana, na kwamba jina langu halimo. Niliandika amri ya kuliongeza, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Ilikubali.

Taa ya skana iliwaka. Ikasogea kiasi cha upana wa vidole viwili, ikatetemeka, ikazimika. Nilipoitafuta tena kwenye orodha ya vifaa, haikuwemo. Hali hiyo ilijirudia siku ya tano, ya sita na ya saba.

Jumamosi alikuja Erasto, mfugaji wa Nyakakika, kuandikiwa malalamiko kuhusu lambo lililozungushiwa uzio. Alinikuta nimeinama juu ya kioo. Akaitazama ile taa ikisogea na kuzimika, mara tatu.

"Waitu mzee, hicho kidude hakijakukatalia," alisema. "Kina njaa."

Nilimweleza kwamba ni suala la mfumo.

"Mimi ng'ombe akiinuka nusu akarudi chini simchapi, wala simsomei kitabu. Namtafutia majani. Hicho kijikompyuta kinakula wapi?"

Nilimwonyesha waya mwembamba wa umeme.

"Na hiyo nyingine inakula wapi?"

Nikaona kwamba haina pake. Skana yote, pamoja na taa yake na mota ya kuisogeza, ilikuwa ikinyonya umeme kupitia kompyuta ndogo ambayo yenyewe inapata wa kujitosheleza tu.

"Ndama wawili, chuchu moja," alisema Erasto. "Sasa niandikie lambo langu, nina safari."

Jana nilikwenda Kayanga kwa fundi simu, nikanunua kifaa cha kugawa nyaya kinachochomekwa ukutani na kuwa na umeme wake. Leo saa nne asubuhi taa ilitoka mwanzo wa kioo hadi mwisho bila kusita. Karatasi ya kwanza ikajitokeza kwenye televisheni: ombi la kivuko cha Nyakakika. Mwandiko wa Anastela ulijaa kioo chote, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, hadi mahali alipoinua kalamu kupumzika.

Niligeuka kumwita aje aone.

Nilipotulia, niliendelea. Skana ya namna hii humlazimisha mtu kushika kila karatasi peke yake, kuilaza, kuifunika, kuiondoa. Faili la familia lilikuwa limegandana, hivyo nilitumia kisu cha mezani kutenganisha. Niliikuta ile barua ya aya tano. Chini yake, imebanana nayo, ilikuwapo tena barua ileile ya aya tano. Zote mbili zina saini yangu. Nyuma yake kulikuwa na bahasha yenye jina la Kokugonza, stempu imebandikwa, haina muhuri.

Nakala ya kwenda haikwenda.

Nimesubiri miaka mitatu majibu ya barua ambayo mtoto hakuipata. Nilimhukumu kwa kutokujibu. Nilimpokea msibani kama mgeni wa ofisini. Na Anastela, aliyeinakili mara mbili kwa mwandiko safi na asikosee hata nukta, aliamua kwamba haifai kumfikia, akaishi na uamuzi huo hadi mwisho bila kuniambia. Labda alijaribu. Sikuwa mtu wa kuambiwa.

Saa nane nilimpigia Kokugonza. Simu iliita mara mbili.

"Taata? Nani amefariki?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hakuna aliyefariki. Napenda kukujulisha kwamba nimeiwezesha skana kufanya kazi kwenye kompyuta uliyoniachia."

"Skana gani?"

Nikamweleza. Akauliza kama nilijiongeza kwenye orodha ya ruhusa. Nikasema nilijiongeza. Akauliza kuhusu umeme. Nikasema nimeutafuta.

"Peke yako?"

"Nilipata ushauri wa mfugaji."

Alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake huanza kwa kukwama.

"Sasa unaskani nini, Taata?"

"Nakala za mama yako."

Akasema, kwa sauti ya chini, "Nitumie moja. Yoyote tu."

Nilimtumia ombi la kivuko. Ile barua nyingine, nakala zote mbili, niliziweka kando, nikazifunika kwa kamusi. Baada ya dakika chache ujumbe wake ukaingia: "Hiyo R ya Mama. Asante Taata. Nilidhani hutaki hata kunisikia."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi mchana huu. Ningeweza kuuacha upite. Kokugonza hajui kwamba kulikuwa na barua, na mama yake alihakikisha hajui. Lakini anajua kwamba kulikuwa na miaka mitatu, na hajui sababu yake. Huenda amejitafutia sababu mwenyewe, mbaya kuliko ile ya kweli.

Nimeamua kumwomba radhi kesho asubuhi, kabla hajaenda dukani. Sitaandika. Nitasema kwa mdomo.

Nimekaa hapa tangu saa tisa nikitafuta pa kuanzia. Barua kwa mkuu wa wilaya naijua inavyoanza. Barua kwa baraza la ardhi, kwa askofu, kwa bwana shamba, zote nazijua. Baba anapomwomba mwanawe radhi, neno la kwanza huwa ni lipi?