Kamera Niliyoilaza Chini Siku ya Mazishi Yako

Kaka Bahati,

Ni mimi Neema, uliyenifundisha kushika kamera. Tangu tukuzike sijalia. Ninakula, ninalala, ninachaji betri. Watu wa hapa Kitshanga wanadhani nina moyo mgumu, na mimi mwenyewe sijui nina nini.

Harusi za kupiga video zinaendelea. Wateja wanataka rangi kali na maua yanayozunguka kwenye skrini, nami ninawapa.

Nikishafunga studio ninawasha zile filamu za zamani za Wasovieti ulizoniachia kwenye flash disk. Kirusi sijui hata neno, kwa hiyo sauti ninaizima. Ninaangalia tu. Watu wanatembea juu ya kilima, wadogo kabisa, mbingu imechukua karibu picha nzima. Halafu ghafla uso wa mkulima mmoja unajaa skrini, umepigwa kutoka chini, kila mkunjo unaonekana. Rangi hakuna, na mtazamaji hata haikumbuki. Hapo ulikuwa unasimamisha picha, chai yako inapoa, unaniambia: "Neema, angalia. Huyu iko mulimaji tu, lakini wamemupiga picha sawa mwami, sawa mfalme. Huku kwetu Masisi, ni wadeputé wa bunge tu njo wanapigwa hivi."

Nilikuwa nakucheka. Yule bibi harusi wa Mweso, uliyempiga video kwa mtindo huo, hakucheka; alilalamika kwamba kwenye video yake mawingu yalikuwa mengi kuliko wageni.

Kwenye mazishi yako familia walinipa kazi. Unajua desturi: kamera ipite kwa kila aliyekuja, sura moja moja, ijulikane nani alifika. Mimi niliilaza kwenye majani. Sikupanga, mikono ilifanya yenyewe. Nikapata miguu yenye matope, majembe, mbingu, na mama yako.

Mjomba wako alikasirika. "Sura za watu ziko wapi? Bashemeji walitoka Walikale mpaka hapa, tutawaonyesha nini? Mawingu?" Akaamuru nikusanye video za simu za watu, nitengeneze upya kabla ya kuondoa matanga, na hii yangu niifute. Nilikubali. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Mama yako akaomba aione kwanza. Alikaa kwenye kiti chako. Rangi nilikuwa nimeziondoa. Uso wake ukajaa skrini, kitambaa kichwani, nyuma yake mawingu ya mvua. Akasogea karibu na skrini.

"Miye njo nilisimama hivi? Ile siku nilizani nilianguka."

Akaniomba nirudishe, aone tena. Kisha akasema, "Usifute," akaenda mwenyewe kumwambia kaka yake, huyo mjomba wako.

Siku ya kuondoa matanga nitaonyesha sura za wageni, wote, mjomba aridhike. Baada ya hizo nitaonyesha hii ya mama yako. Na nakuahidi, mama yeyote wa vilima hivi akisimama mbele ya kamera yangu, nitapiga magoti kwanza ndipo nianze kazi.

Pumzika, kaka.

Neema