Kasha la Saa Lililopoteza Ukingo

Le Sentier, 3 Machi 2023

Mwanangu Ludivine,
Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila theluji bado imeziba mlango. Mama yako anasema mjukuu ana pua yangu, pole yake. Jumapili atakuja peke yake, na usiniulize kwa nini. Mikono iliyoharibu ukingo wa kasha la saa haibebi mtoto mchanga. Nitamsubiri aanze kutembea.
Baba yako, Fernand

Geneva, 9 Machi 2023

Baba,
Shikamoo. Sisi wazima, Aloïs analia kama king'ora. Kasha moja tu katika miaka thelathini na moja ya kung'arisha makasha ya saa za mkononi kiwandani! Tangu siku ile umeangusha kikombe gani? Njoo, nitakukalisha kwenye kochi, mito pande zote.
Mwanao, Ludivine

Geneva, 2 Aprili 2023

Baba,
Shikamoo. Mama ameniambia unakohoa, natumaini kifua kimepata nafuu. Mama alikuja, wewe hata kujibu hukujibu. Barua hii nimeichana mara nne.

Nimefungua shajara yangu, Alhamisi, 12 Machi 2015: "Mchana baba kaenda kula. Nimegusa kasha lake." Niliishia hapo. Sasa namalizia.

Nilikuwa mwanagenzi wa miezi mitano, benchi la pili kutoka kwako. Nilitaka uone kwamba nami nauweza ule mstari mwembamba wa ukingo, pale chuma kilichopigwa msasa kinapokutana na kinachong'aa kama kioo. Nililikandamiza kasha kwenye gurudumu la kung'arishia pumzi mbili zaidi. Mstari ukayeyuka. Nikalirudisha mezani kwako.

Msimamizi alipoliinua kwenye taa, ulisema, "Basi, mikono imezeeka," ukavua aproni, ukaacha kazi. Mimi nilikuwa pale pale, nafuta mashine yangu ambayo haikuwa na vumbi. Kila mwaka nilijiambia nitakueleza Krismasi.

Mikono yako haina kosa, baba.
Ludivine, kama bado ni mwanao

Le Sentier, 23 Mei 2023

Ludivine,
Mama yako hajambo. Mimi sijajijua.

Kasha lile msimamizi alinipa siku ya kuagana. Nililifunga ndani ya soksi, nikalitia kwenye droo. Miaka minane sikulitazama, kwa aibu. Wiki iliyopita nililitoa, nikavaa lenzi. Ukingo umelalia kushoto. Mimi natumia mkono wa kulia. Wewe ni wa kushoto tangu ulipoanza kushika kijiko. Ningelitazama mara moja tu, ningejua.

Nilikuwa na miaka hamsini na nne. Nilikuwa bado na makasha mengi mikononi. Hilo siwezi kukusamehe leo, na usinipigie simu kunibembeleza.

Jumapili nakuja na treni ya saa nne. Nipe mtoto hapo hapo mlangoni, kisha nenda kanunue mkate, na usirudi haraka. Nataka nimshike bila wewe kunitazama mikono.
Babu yake Aloïs