Kimya cha Mwali

North York,
Toronto, Kanada.
9 Februari 2025 (10 Shaabani).

Mpendwa Ami yangu Shekuwe,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti halikuzuii tena kwenda kusali jamaa msikitini. Mkeo Bi Somoe naye hajambo? Presha imeshuka? Mwambie asiache dawa kwa sababu tu anajisikia nafuu, maana namjua. Mimi na Ilham tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Theluji imetuzibia mlango wa nyuma na jua tunalisikia tu kwenye habari.

Utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Ami, nimekuandikia kwenye simu tangu Novemba. Naziona zile alama mbili za buluu, najua umesoma. Ndiyo maana nimempa barua hii Kangethe, mume wa Moraa ninayefanya naye kazi, anayekuja Mombasa kesho kwa shughuli zake. Nimemwomba amkabidhi Bi Somoe mkononi, naye akusomee kwa sauti, usipate pa kukimbilia. Niwie radhi kwa ulimi huu. Nimebanwa, Ami, sina pumzi.

Unajua Mansoor alituacha hapa Ilham akiwa na miaka sita, akaenda Dubai kutafuta kazi. Kazi alipata, na mke akapata. Mahakama ya hapa ilishaivunja ndoa yetu mwaka jana. Lakini hiyo ni ile ya serikali. Ile uliyoifunga wewe Kibokoni bado iko shingoni mwangu, kwa sababu Mansoor hataki kutamka talaka.

Sababu aliniambia mwenyewe kwenye simu, taratibu kama mtu anayeagiza chai. "Nipe Ilham nimlee huku, nami nikupe talaka yako. Hutaki, basi kaa hivyo hivyo mpaka uote mvi."

Mtoto huyu ndiye niliye naye duniani. Wazazi wangu umewazika wewe. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini akiumwa hulia Kiswahili kitupu. Juzi kaniuliza kama mimi bado nina mume, maana mwalimu wa madrasa alikuwa akiwauliza watoto habari za baba zao. Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Kwenye harusi wanawake wananiuliza Mansoor hajambo, nami nasema hajambo, halafu naenda kujifungia msalani.

Ukweli ni kwamba nimechoka hadi najiogopa. Silali. Kazini, kwenye makao ya wazee, Moraa alinikuta nimekaa sakafuni kwenye stoo ya mashuka, nalia na sijui nimekaa pale tangu saa ngapi. Alinifuta uso kwa taulo ya wagonjwa. Yeye si Mwislamu wala si ndugu yangu, na ndiye aliyenipeleka msikitini kwa gari lake nikaonane na masheikh.

Wako watatu wanaosikiliza mambo ya ndoa. Walinisikiliza vizuri, siwezi kuwasingizia. Walisema mume aliyemtelekeza mkewe miaka mitatu bila matumizi, sheria yetu yenyewe inampa mke haki ya kuomba fasakhi, ndoa ivunjwe bila mume kutamka neno. Nililia mbele za watu. Miaka yote nilidhani haki ya namna hiyo ni ya Wazungu, kumbe ilikuwa chumbani kwetu na hakuna aliyenionyesha.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Mansoor aliwapigia simu akawaambia kwamba Kanada imeniharibu kichwa, na kwamba jamaa zangu wenyewe hawataki ndoa hii ivunjike. Akawapa na namba yako wakuulize. Walikupigia, Ami. Hukushika.

Basi mkubwa wao akaniuliza mimi: "Walii wako, huyo ami aliyekuoza, anasema nini?" Niliinamia zulia. Watakaa tena Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, saa nane mchana kwa saa za huku. Wakikosa neno lako, shauri litangoja mpaka Mansoor aje mwenyewe, naye ameshasema haji. Nitakuwa mke wake mpaka nizikwe, au nimfungie Ilham sanduku nimpeleke uwanja wa ndege.

Najua kinachokuzuia. Baba yake Mansoor ni rafiki yako tangu mkisoma chuo kimoja, na jioni mnakaa baraza moja mnakunywa kahawa. Sikuombi umvunjie heshima. Lakini nifikirie na mimi. Mansoor alioa mke wa pili bila kuniuliza, na hakuna aliyempigia simu mtu kutaka ruhusa. Mimi kuachwa tu, kuachwa na mtu aliyekwisha kuniacha, nangoja wanaume watano wakubaliane. Watu huikimbia eda, mimi naitamani. Nikikaa eda nitajua kuna siku itakwisha.

Unaikumbuka siku ya nikahi yangu? Ulikuja mlangoni na mashahidi wawili, mimi ndani nimefunikwa leso gubigubi, ukaniuliza kama nimeridhia kuozwa Mansoor. Ukauliza mara tatu. Bi Somoe alikuwa amenibana mkono, kwamba mwali hajibu, anayejibu hana haya. Mwisho ukawageukia mashahidi ukasema, "Kanyamaza. Ameridhia." Vigelegele vikapigwa mpaka masikio yakaniziba. Ami, sikuwa nimeridhia wala sikuwa nimekataa. Nilikuwa naogopa tu, na hakuna aliyengoja niache kuogopa.

Nasikia binti yako Salha anaolewa baada ya Idi. Mpe salamu zangu na umwambie nampenda, naomba Mungu ampe mume mwenye huruma. Utakapofika mlangoni kwake, mwambie Bi Somoe amwachie mkono. Kisha umngoje ajibu kwa mdomo wake, hata kama kadhi ana haraka na biriani inapoa.

Msalimie Bi Somoe, ambaye najua hapa analia na miwani imemteleza. Simlaumu, naye alifundishwa hivyo. Wasalimie majirani wote wa Kibokoni. Msalimie hata baba yake Mansoor, sina ugomvi naye. Mwenyezi Mungu akupe umri na afya, na akufikishe Ramadhani ukiwa na amani moyoni.

Sasa na mimi nakuuliza, mara tatu, kama ulivyoniuliza. Umeridhia niachike? Umeridhia niachike? Umeridhia niachike? Jumamosi ile nitakaa mbele ya masheikh na simu yangu iko mezani. Ukipiga ukasema ndiyo, nitakuombea dua mpaka nife. Ukiwa huridhii, piga pia, useme la kwa sauti yako, nami nikusikie. Lakini ukininyamazia, Ami, nitawageukia masheikh wale watatu niwaambie maneno yako mwenyewe: kanyamaza, ameridhia.

Mwanao uliyemwoza, na anayekupenda hata leo,

Mwanahawa