Figa Nililolipasua kwa Maji

Nakuomba, unayesoma: neno hata moja lisitoke hapa. Hasa lisimfikie shangazi yangu.

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na vidole vyangu vimeganda juu ya faili za ofisi.

Jumapili niliachiwa nyumba ya Cucu, nyanya yangu, kule Tetu. Yeye amelazwa hospitalini kwa sababu ya goti. Aliniagiza jambo moja tu: nitunze moto wa jikoni. Ana gesi aliyonunuliwa na shangazi, ila huipikia chai ya wageni. Githeri yake ya mahindi na maharagwe huiva juu ya mafiga matatu, kuni zikisukumwa ndani kidogo kidogo, kama mama yake alivyopika. Akimaliza huyafukia makaa kwa majivu, na asubuhi huyapuliza yakaamka. Zamani, anasema, moto ukizimika ulikwenda kuuomba kwa jirani, ukaubeba kwenye kigae, na kila mtu njiani akajua umelala sana.

Mimi ni mwoga. Nilipokuwa nikifunga mlango nirudi mjini, niliona nyumba nzima ikiungua kichwani mwangu. Nikarudi ndani, nikayamwagia makaa ndoo ya maji.

Figa kubwa likalia, likapasuka katikati.

Shangazi anatafuta sababu ya kulibomoa jiko hilo, na Jumamosi jioni ndiye atakayemleta Cucu nyumbani. Leo mchana nikaenda wodini, nikamwambia Cucu yote kabla sijaketi.

"Ati maji? Kwani wewe ni zimamoto?"

Wagonjwa wakacheka. Mimi sikuweza. Cucu akanishika mkono, akashusha sauti.

"Hata mimi nilipasua moja, mwaka nilioolewa. Nikaligeuza, ufa ukaangalia ukuta. Mama mkwe akapika hapo mpaka akafa, hajui." Akalisugua goti lake. "Ama alijua, akaninyamazia."

Sijawahi kumpenda hivyo.

"Leta ingine," akasema. "Lakini usitoe mtoni. Jiwe la mtoni hulipuka motoni. Tafuta ile imekauka kwa jua, ile utabeba ukilia."

Kwa hiyo, Jumamosi asubuhi ukinihitaji usipige simu, huko juu haishiki. Pita nyuma ya shamba la majani chai, panda mpaka machimbo ya zamani, uniite kwa jina.

Nisipojibu, panda zaidi. Nitakuwa nimelikumbatia jiwe, sina pumzi ya kuitika.