Wimbo Ambao Bi Tima Hakuuimba

Mke mwenzangu mpendwa Hidaya,

Najua ungecheka kuliona neno hilo, mpendwa. Miaka minne ya kwanza ya ndoa yako sikukuita hata kwa jina. Nilikuita "yule wa Pate", na siku za hasira nikasema "yule" tu, na kila mtu nyumbani akajua ni nani. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Mwanao Amina ameniletea kahawa mara mbili na mara mbili imepoa. Yeye ndiye aliyenitaka niandike, na sababu nitakwambia nikifika huko. Usinikimbize.

Nianze na alasiri aliyotuimbia Bi Tima, yule mwimbaji wa taarab. Sisi wachache tuliobaki, tukikutana, hatuna jingine la kusimulia. Mmoja ataapa kwamba siku ile alivaa gauni la kijani, mwingine atasema la samawati, wagombane mpaka chai iishe. Wengi husema sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya kwenye santuri. Mimi husema ilikuwa ndogo, ndogo kabisa, na ndiyo maana wanawake wote uwanjani waliacha kutafuna tambuu ili wamsikie. Lakini lile lililonikaba mimi siku ile sijapata kulisema katika mazungumzo yoyote.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Amina, uliyekuja naye kutoka kwa mume wako wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na sita na posa yake imeshapokewa, ya watu wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa hapa mtaa wa Mkomani. Bwana wetu alikuwa hai, na uadilifu wake ulikuwa ukiniudhi kuliko dhuluma. Akinunua kanga, jozi mbili. Akinunua bangili za fedha, jozi mbili, za fundi mmoja. Alipoleta gramafoni kutoka Mombasa alileta mbili, na kila santuri ya Bi Tima ilifika mbili. Nilitamani angalau akusahau mara moja.

Wiki moja kabla ya harusi aliyokuja kuimba Bi Tima, mwanamke wa Kililana, ng'ambo ya bara, aliyekuwa akiniletea ufuta aliketi kwangu kupumzika, na jina lako likatajwa. Uso wake ukamkunjuka. "Hidaya binti nani? Hidaya wa Pate? Bibi yake na wangu walilima shamba moya, na bwana wao alikuwa moya," akasema. Hakuwa na nia mbaya, alifurahi tu kupata mtu wa kwao. Nikamjazia kikombe na kumuuliza zaidi.

Vijana wa leo huenda wasielewe uzito wake. Ninyi mlikuja Amu mkijulikana kuwa watu wa nyumba kubwa, na watu waliomposa Amina walikuwa wa kuhesabu mababu kabla ya kuuliza tabia. Wangesikia kwamba bibi yako alikuwa mtumwa wa kununuliwa, posa ingerudi siku ile ile, na hakuna mlango wa Mkomani ambao ungefunguliwa tena kwa ajili ya binti yako. Nililijua hilo vizuri. Ndilo nililolitaka.

Asubuhi ya siku ya wimbo nilijifunga buibui nikaenda nyumba aliyofikia Bi Tima. Nilimkuta akila mkate wa mofa, miguu imemvimba kwa safari ya meli. Ungemwona ungemwonea huruma. Nilimpa hadithi yako yote aitungie wimbo.

"Jina usinambie," akasema. "Nipe habari, maneno n'tayatia mwenyewe. Mke wa Pate, binti mchumba, bibi wa shamba. Hapo wenyewe watajuana. Nyimbo ya mwisho ni yako."

Nilirudi nyumbani nimefurahi, Hidaya. Nataka ulijue hilo pia. Nilijifukiza udi nikiimba.

Baada ya sala ya alasiri uwanja wa ndani ulijaa hadi ngazini. Uliketi upande wa mashariki, mgongo ukutani, mimi nikakaa ng'ambo yako, na kati yetu Bi Tima na kinanda chake, na wanawake wawili, mpiga dumbaki na mpiga tari. Watu walituangalia sisi karibu sawa na walivyomwangalia yeye. Mwenye harusi akatangaza, "Yeo Bi Tima ana upya! Ametunga papa hapa Amu!" Vigelegele vikapigwa. Nikakutazama usoni nione kama unaogopa. Ulikuwa unapiga makofi.

Kisha akaimba, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Unakumbuka kule kuvuta pumzi kwake kabla ya kituo? Kwenye santuri hakusikiki vizuri, ni kama mkwaruzo tu. Mimi nilikuwa nimeujua mkwaruzo ule kwa kuurudia, nikidhani ni wangu peke yangu. Nikakuona umefumba macho, na pumzi ile ilipofika, ukavuta na wewe. Midomo yako ilikuwa na kila neno. Hata lile neno ambalo Bi Tima hulimeza, ulilimeza.

Mtu hajifunzi hivyo kwa kusikiliza mara moja au mbili. Nikajua uliyajifunza lini. Zamu zako, bwana yuko kwako, mimi nilikuwa nikipiga santuri nisisikie ukimya wa nyumba. Kumbe zamu zangu ulikuwa ukifanya hayo hayo, mtaa wa pili, kwa santuri ile ile. Miaka minne.

Jua lilikuwa limepanda nusu ya ukuta nyuma yako; likifika juu ni adhana ya magharibi, na hapo kinanda hufungwa. Nyimbo zilizobaki zilikuwa mbili, ile aliyokuwa akiimba na yangu. Alikuwa amefika ubeti huu:

*Nimeshindwa nakubali, sina wa kumlaumu,*
*Aketi mwenye fadhili, nampisha kwa salamu.*

Nikainuka. Unajua desturi yetu: anayeinuka kumtunza mwimbaji kwenye ubeti ameuchukua ubeti ule, ndiyo hali yake. Kwa hiyo mke wa kwanza kuinuka kwenye "nimeshindwa", mbele ya mke mwenzake! Uwanja ulilipuka. "Wamuona? Akiri mwenyewe mbele za watu!" Nilimvisha Bi Tima asumini zangu shingoni, nikamwinamia sikioni. "Ile nyimbo isiimbwe. Nakuomba."

Hakuacha kutabasamu. "Nshaitunga, bibi, na watu washaambiwa. Rudi ukakae."

Nikarudi. Lakini desturi ina upande wa pili: ubeti uliotunzwa hurudiwa, na mwimbaji mwenye heshima zake hakatai. Akaurudia. Nilikuwa sijakalia mkeka, nikainuka tena. Leso yangu ya hariri. Akaurudia. Bangili ya kulia. Bi Tima sasa alikuwa ameelewa, na alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, lakini angefanya nini? Nilimfunga kwa kazi yake mwenyewe. Bangili ya kushoto. Sijapata kutembea polepole vile maishani mwangu, nikicheza kila hatua, na kila hatua nikiangalia ukuta. Jua lilikuwa limebaki kama upana wa mikono miwili. Wanawake walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega. "Amerukwa na akili masikini! Limemngia!" Nikasikia jirani yangu, niliyekula naye miaka, akicheka kuliko wote.

Mara ya tano nilitoa pete ya ndoa. Akaurudia ubeti ule, na ulipokwisha nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja sina kitu. Shingo tupu, mikono mitupu. Bi Tima akaweka vidole kwenye kinanda kwa sauti mpya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Wa dumbaki akaipokea. Nilitaka kupiga kelele na sikujua ni kelele ya nini.

Ndipo ulipoinuka wewe.

Watu walinyoosha shingo, maana walitaka kuona utakavyonimaliza. Ulipita kati ya mikeka bila haraka, ukavua bangili zako mbili, ndugu za zangu, ukamvisha Bi Tima juu ya zile. Ukamwambia kwa sauti iliyofika ngazini, "Ubeti ule ule, Bi Tima. Hatuyatosheka." Kisha ukaja ukasimama ubavuni kwangu, ukanishika mkono. Ulikuwa hujawahi kunigusa. Ukaninong'oneza, "Wakuteke weye peke yako? Na watuteke sote." Kicheko chao ukakubali tukigawane.

Akaurudia. Alikuwa hana hila nyingine. Na katikati ya mstari wa pili muadhini wa msikiti wa nyuma akaanza, kinanda kikafungwa, wanawake wakajitanda na kutafuta viatu. Bi Tima alinipita mlangoni akasema "Umenivunjia kazi," basi. Alfajiri meli ikamchukua. Hata zile bangili jozi mbili zilikwenda naye, na bwana wetu alipouliza, wewe ndiye uliyemjibu kwamba tumempa mgeni.

Amina aliolewa mfungo mosi. Ulinitaka nimtie hina mimi.

Na kuanzia hapo nikaishi kwa urongo mzuri. Ulimwambia kila mtu kwamba mimi, Fatuma, nilivunja uso wangu mbele ya mji mzima ili kuleta amani kati yetu. Nilikusikia ukiwasimulia wajukuu. Bwana alipofariki ukahamia kwangu, tukapiga santuri zile mpaka sindano zikaisha, na mara moja uliniuliza, "Lakini kweli, siku ile ilikuingia nini?" Nikakujibu niliupenda ubeti. Ukacheka, ukasema hata wewe. Nilikuwa na nafasi hiyo, na nyingine mia, mpaka asubuhi ile ya mwaka jana nilipokushika kichwa tukikuosha, na bado nikanyamaza.

Juzi wageni walikuwa hapa na Amina akaanza tena kunisifu kwa habari ile. Sikuweza. Walipoondoka nikamweleza yote, la Kililana, la mkate wa mofa, la furaha yangu. Aliukunja upindo wa kanga, akaukunjua.

"La bibi, mamangu alinambia kitambo," akasema, "na wanangu wanalijua. Hilo si aibu yangu, andika ukitaka. Lakini radhi za mamangu mimi sina. Mwambiye mwenyewe."

Basi ninakwambia. Nilisimama mara tano kuuzuia wimbo niliouleta mwenyewe, na watu wakaniita mnyenyekevu. Wewe ulisimama mara moja, bila kujua lolote, ukimhurumia mwanamke aliyechekwa. Ulimshika mkono yule yule aliyekuwa amekuuza asubuhi ile, na sikuutoa mkono wangu. Niliushika mpaka mlangoni. Nimeushika miaka yote hii, nikila na kulala kwa huruma ambayo haikuwa yangu.

Niwie radhi, Hidaya. Ungeijua kweli, sijui kama ungeinuka. Nimeogopa jibu hilo tangu siku ile.

Mungu akupe mahali pema kuliko nilipotaka kukuweka.

Mke mwenzako,
Fatuma